Kuwekewa vyuma shingoni: skrubu zinafanya nini hasa

Huku kwetu Mbagala mtu akisikia fulani anaenda kuwekewa vyuma shingoni wanaanza kumuaga, na ndugu wanapiga simu usikubali utapooza. Baba mkubwa wangu kawekewa na mimi ndo namsindikiza kliniki, naona watu wanaogopa skrubu wakati cha kuogopwa ni kuchelewa.

Shingo ina pingili saba. Umri ukienda zile sahani laini za katikati zinakauka, mifupa inaota vimwiba, kano zinanenepa, mwisho njia ya uti wa fahamu, ile kamba ya neva inayoshuka toka kwenye ubongo, inabana. Baba mkubwa hata hakuanza na maumivu, alianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, vidole vinapapasa tundu havilipati, baadaye akawa anayumba akitembea, watu wakasema presha.

Kinachotibu kwenye ile operesheni ni kuuachia uti nafasi. Kwake walipitia nyuma, wakatoa yale matao ya mfupa yanayoufunika, sasa ukishayatoa shingo inaweza kuinamia mbele, ndo skrubu zinapoingia, moja kila upande wa pingili, zinashikwa na fimbo mbili za titaniamu, kama mirunda chini ya slabu inavyoshika mpaka zege likaze, ila hizi kwa kawaida zinabaki humo humo. Daktari wa mifupa Mfaransa, Roy-Camille, alishakuwa anafunga skrubu za hivi miaka ya 1970.

Daktari alituonyesha kwenye eksirei, viskrubu vyenyewe vidogo, unene kama milimita 3.5 na urefu kama 14 hivi. Akasema jirani yake unapita mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo, kwa hiyo wanaielekeza ncha kwa nje iukwepe. Hapo nilielewa kwa nini kazi hii inataka mkono uliozoea.

Na skrubu haishiki milele peke yake! Pingili zilizofungwa zisipoungana zikawa kama mfupa mmoja, chuma kinalegea au kinakatika, na kuungana kunachukua miezi. Sigara inachelewesha sana, baba mkubwa aliambiwa aache na kaacha kweli, namheshimu mno kwa hilo.

Sasa hivi anatembea vizuri, vidole bado vina ganzi. Uti uliobanwa muda mrefu haurudi wote, lengo la kwanza la operesheni ni kuzuia usizidi kuharibika. Kwa hiyo mzee wako akianza kudondosha vikombe na kuyumba, msimalizie hela kwenye dawa za kuchua, mwombeni daktari amwandikie kipimo cha picha cha MRI ya shingo, pale taasisi ya mifupa MOI Muhimbili madaktari wa uti wa mgongo wapo.