Nilivyoifanya Prettier ipange msimbo wa timu nzima

Mradi wetu wa JavaScript tunauandika watu watatu, kila mmoja na mwandiko wake. Ukikagua kazi ya mwenzako unakuta mistari chungu nzima imebadilika, kumbe ya maana ni michache. Iliyobaki ni nafasi na alama za nukuu tu.

Dawa yake ni Prettier, programu inayopanga msimbo wote kwa mtindo mmoja, na kuiweka kwenye VS Code, kihariri cha msimbo, ni kazi nyepesi. Unasakinisha kiendelezi chake, kisha kwenye mipangilio unaandika `"editor.formatOnSave": true` na `"editor.defaultFormatter": "esbenp.prettier-vscode"`. Huo wa pili usiuruke. VS Code ina kipangaji chake cha JavaScript, na vikiwa viwili bila kuambiwa kipi kitumike, unaweza kuhifadhi faili na kisitokee kitu.

Kilichonikalisha ni kuhakikisha kompyuta zote zinatoa matokeo yaleyale. Mipangilio niliihamishia ndani ya mradi, kwenye `.vscode/settings.json`, na kanuni zenyewe kwenye `.prettierrc`. Alama za nukuu mbili ("), badala ya moja ('), zilinishinda kwa kura, na ndivyo Prettier inavyotaka yenyewe, kwa hiyo humo tuliandika `"tabWidth": 4` basi. Prettier nayo niliisakinisha kwa `npm install --save-dev --save-exact prettier`, sote tuwe na toleo moja. Toleo la 3, lililotoka 2023, huweka koma ya mwisho hata kwenye vigezo vya funksheni, wakati la 2 lilikuwa haliweki hapo mpaka uliagize. Mmoja akibaki nyuma, koma zitaingia na kutoka kila siku.

Ukabaki msimbo wa zamani. Tulisubiri matawi yote ya Git, programu inayotunza historia ya mradi, yaunganishwe (tawi ni kazi inayoendelea kando), nikaendesha `npx prettier . --write`, na mabadiliko hayo nikayawekea komiti yake peke yake, yaani rekodi moja kwenye historia hiyo. Utambulisho wa komiti hiyo niliuandika kwenye `.git-blame-ignore-revs`, halafu kila mmoja akaendesha `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`. Git ikiulizwa nani kaandika mstari fulani, huiruka komiti hiyo. Bila hivyo karibu mradi wote ungesomeka kwa jina langu, sifa nisizostahili. Hii inataka Git 2.23 au ya baadaye.

Mwenzetu mmoja hashiki VS Code hata umlipe, yeye na Vim yake. Huyo huendesha amri kwa mkono, na akisahau, `npx prettier . --check` tuliyoiweka kwenye seva inamrudishia kazi kabla haijaunganishwa.