Mzinga wa babu juu ya maji

Nilipokuwa Kigamboni, kwenye kikosi cha wanamaji, wenzangu wa pwani walinitania kila siku: Mgogo na bahari, wapi na wapi? Walikuwa na haki. Niliingia jeshini mwaka 1974, na kabla ya hapo maji mengi niliyokuwa nimeyaona ni ya Ruaha Mkuu ukifurika, nasi wachungaji tumekaa ng'ambo na ng'ombe tukisubiri upungue.

Vita vya Kagera vilipoanza nikahamishiwa Ziwa Victoria, kwenye vyombo vya kuvusha watu na mizigo kati ya Mwanza na Bukoba. Risasi sikupiga nyingi. Kazi yangu ilikuwa kamba, nanga na kupakia. Waliokwenda walikuwa wakiimba. Waliorudi, wengine tuliwabeba. Hayo yanatosha.

Mwaka 1981 nikarudi uraiani, na nyumbani nikakuta bwawa.

Barua zilikuwa zimeniambia, ila barua haina maji ndani yake. Lori lilinishusha Mtera, juu ya ukuta wenyewe, maana barabara ya kwenda Iringa inapita hapo. Nikasimama na begi langu la kijani nikitafuta bonde nililochungia utotoni. Kulikuwa na maji hadi kwenye miguu ya vilima, na katikati ya maji misitu mizima ya miti iliyokufa wima, mieupe kama mifupa, mnandi wamejaa juu yake. Tuliambiwa maji yanatunzwa kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, huko chini. Mama na wadogo zangu walikuwa wamehamia mwinuko wa juu. Kibatari chao kilikuwa kilekile.

Kazi ilikuwa moja tu, uvuvi, na wenye kuijua walikuwa wageni. Mimi niliyezaliwa pale nikawa mpiga kafi wa kijana wa Kinyasa aliyekuwa na mtumbwi na nyavu mbili. Nyavu zenyewe zilikuwa viraka vitupu, zimeshonwa kwa nyuzi za tairi, kwa kuwa dukani hata sabuni ilikuwa ya foleni. Mwalimu alikuwa ametuambia tufunge mkanda miezi 18. Miezi hiyo ilikuwa imepita na mkanda bado uko tumboni.

Kijana yule aliniita Afande, na si kwa heshima. Nilikuwa nimezoea amri, kuzitoa na kuzipokea, na mtumbwini nikawa naongea kama niko kwenye chombo cha serikali: kaza kamba hiyo, kushoto, taratibu, angalia omo. Siku moja akaweka kafi magotini akanigeukia.

"Afande, hapa hakuna meli. Hili ni gogo tu, na wewe ni Mgogo. Piga kafi."

Nilikasirika kutwa nzima. Jioni nikacheka peke yangu.

Usiku ninaoukumbuka ni wa mwezi wa sita, wakati upepo wa Ugogo unakata mashavu. Tulitoka saa tisa usiku kwenda kuopoa nyavu. Giza lilikuwa nene na hakuna aliyesema kitu, maana viboko husikia kabla hujawaona. Ghafla kitu kikagonga ubavu wa mtumbwi: ngo! Sijui nilifikaje chini. Nilichojua ni kwamba nimelala kifudifudi kwenye maji ya sakafuni, mikono kichwani, mdomoni nina ladha ya dagaa wa chambo. Nikangoja mlio wa pili. Haukuja.

Nilidhani atacheka. Alikaa kimya, akaushika mtumbwi usiyumbe, na baada ya muda akasema polepole, "Kisiki, kaka. Ni kisiki tu."

Tangu usiku ule hakuniita tena Afande. Nami sikumweleza kitu, na hakuuliza.

Upepo ulitusukuma ndani ya miti, tukashika tawi tukasubiri kupambazuke. Mwanga ulipokuja, juu ya mti wa jirani nikaona kitu kirefu cha mviringo kimelala penye panda. Mzinga. Nikamwomba asogeze. Ulikuwa umechongwa alama ninayoijua, mistari mitatu na duara, alama ya babu yangu. Nikatazama kilima kilichokuwa mbele, nikageuka nikatazama kingine, na moyo ukaniambia: huu ni ule mkwaju. Chini yake nilikuwa nikilala mchana, ng'ombe wakinilinda mimi badala ya mimi kuwalinda wao. Babu alikuwa akiufikia mzinga ule kwa kamba, nasi watoto tukitazama juu hadi shingo zinauma. Sasa nilikuwa nimekaa mtumbwini na mzinga uko usawa wa bega langu.

Nikaugonga kwa kafi, hivi tu, kama mtu anavyobisha hodi.

Ukanguruma.

Hakuna aliyetoa amri. Tulipiga kafi kwa pamoja kuliko gwaride lolote nililowahi kulisimamia, na nyuki wawili walinipata shingoni hata hivyo. Nyavu tulizikuta mbali, zimejisokota kwenye matawi, zina perege kumi na mmoja na kambale mmoja mwenye hasira.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama nikiwa bado nimesimama mlangoni: ule mkwaju, ile alama, jinsi nilivyohesabu hatua kichwani mpaka nikajua kwamba nyavu zetu tunazitega juu ya zizi letu la zamani. Habari ya kisiki niliiruka. Alinisikiliza huku akipaa samaki, hajainua uso.

"Na asali je?" akauliza. "Umewaachia nyuki?"

Wiki iliyofuata tulirudi na moto wa kuvukiza na debe. Niliufunga mtumbwi kwenye mkwaju kwa fundo la jeshini, na yule kijana akaniomba nilifungue nilifunge tena, polepole, aone mkono unavyopita.