Siku tuliyomuona Glenda Jackson akiwa Mfalme Lear

Nilienda na shangazi, mwaka 2016, mwezi wa kumi na moja, London baridi kali, ukumbi wa maigizo wa Old Vic pale karibu na stesheni ya Waterloo. Shangazi wala hakuwa na habari na Shakespeare, alichotaka ni kumuona Glenda, mbunge wake wa zamani, maana tunakaa Kilburn na huyu mama ndo alikuwa mbunge wetu mpaka 2015, na uchaguzi wa 2010 alipita kwa kura 42 tu, basi shangazi anasema moja kati ya hizo ni yake na ukibisha mtagombana.

Mi nilikuwa namfuatilia kwa uigizaji. Mtoto wa fundi mwashi toka Birkenhead, kafanya kazi ya kuuza kwenye duka la dawa la Boots kabla hajapata nafasi chuo cha uigizaji cha RADA, akaja kubeba Oscar mbili miaka ya 70, halafu 1992 akaacha yote akaingia bungeni. Miaka kama 25 hajakanyaga jukwaa, anarudi ana miaka 80, tena sio kwa kipande kidogo cha bibi kakaa kwenye kiti, anarudi na Lear, yule mfalme mzee wa kwenye tamthilia ya Shakespeare, masaa matatu na zaidi. Kwa kweli nilimwogopea.

Akatoka. Mwembamba, nywele fupi, hana ndevu za kubandika wala nini, na ile sauti kavu ikatufikia mpaka huku juu tulikokaa wa tiketi za bei rahisi, yaani unamuona mzee aliyezoea kutiiwa, na mi naamini bunge lilimuongezea kitu, kusimama mbele ya watu wanaokuzomea na wewe husogei.

Ilipofika pale Lear anamlaani bintiye mkubwa, anaomba tumbo lake likauke asizae, shangazi akanidaka mkono, "Astaghfirullah, mzazi anatamka hivyo?" Kwetu Tanga radhi ya mzazi haichezewi, na Glenda aliyasema yale maneno kama anataka yatokee usiku uleule, mwili wote ulinisisimka.

Kwenye treni ya kurudi habari ya kura ikasahaulika, sasa shangazi kamkasirikia Cordelia, yule binti mdogo wa Lear aliyekataa kumsifia baba yake kwa maneno matamu. "Mtoto gani yule, neno moja la kumpoza baba yake lingempunguzia nini?" Nikasema shangazi, yule ndo pekee aliyesema kweli. Akakataa katakata, tukashuka Kilburn tunabishana, na asubuhi kwenye chai akaanza upya.