Mpaka gari liondoke

Jana sikulala mapema, nilikuwa narudia dokumentari ya Eduardo Coutinho, Cabra Marcado para Morrer, mara ya tatu sasa, na kila nikiiangalia kuna sehemu moja inanikaba koo.

Kwa ambao hamjaiona: mwaka 1964 Coutinho yuko kaskazini mashariki mwa Brazil anapiga sinema ya kuigiza kuhusu João Pedro Teixeira, kiongozi wa wakulima wa Paraíba aliyepigwa risasi akafa 1962. Waigizaji ni wakulima wenyewe, na mjane wa marehemu, Elizabeth, anajiigiza yeye mwenyewe. Mara jeshi likapindua nchi, askari wakaingia pale Galiléia walipokuwa wanashuti, vifaa vikabebwa, watu wakakamatwa, wengine wakajificha, sinema ikafia hapo. Kilichopona ni mikanda iliyokuwa ishapelekwa Rio kusafishwa.

Miaka 17 baadaye, 1981, jamaa anarudi na projekta, anawaonyesha walewale wakulima sura zao za ujana. Af anaanza kumtafuta Elizabeth. Anamkuta kwenye kamji kadogo, São Rafael, anaitwa Marta, watu wa pale hawamjui yeye ni nani hasa. Watoto alikuwa nao 11, aliyekimbia naye ni mmoja tu.

Sasa ile sehemu. Siku za mwanzo mama anaongea kwa tahadhari, mwanae mkubwa yuko palepale, mama anamshukuru mpaka rais wa kijeshi kwa kulegeza kamba kidogo, na wewe unayeangalia unaona kabisa hapo bado Marta ndo anaongea. Halafu siku ya mwisho wanaagana, timu inaondoka, kamera bado inazunguka, na ndo hapo anafunguka, mkono unakata hewa, sauti ishabadilika, anasema mapambano hayajaisha maana njaa bado ipo na mshahara bado wa kinyonyaji. Yaani Elizabeth anarudi mbele ya macho yako wakati wa kwaheri! Mtu mwingine angekuwa ashazima kamera anakunja waya.

Mimi nilizima. Mwezi wa tatu nilienda kwa bibi na simu yangu, nikamrekodi dakika 40 kuhusu alivyohamia mjini, nikamuuliza maswali niliyoyaandika kwenye karatasi kama karani wa sensa, naye akanijibu kama karani wa sensa. "Ndiyo." "Hapana." "Tulikuja na lori." Nikashukuru, nikatia simu kwenye begi. Ananisindikiza mpaka getini, kashika kanga yake, kumbe ndo anaanza, robo saa nzima amesimama pale ananiambia mambo ambayo hata mama yangu nilipomuuliza hakuwa anayajua. Hayo siyaandiki hapa.

Coutinho alikuwa na hiyo tabia ya kutokata mpaka mwisho wake. Kwenye Jogo de Cena ya 2007 wanawake waliojibu tangazo la gazeti wanasimulia maisha yao wamekaa jukwaani, viti vya ukumbi nyuma yao vitupu, halafu waigizaji wa kulipwa wanasimulia stori zilezile, na ukizubaa hujui tena nani mwenye uchungu wake na nani kaazima. Fernanda Torres, muigizaji mkubwa kabisa kule, anaanza, anakwama, anaona aibu, anasema haiwezekani. Na mzee kakuacha kukwama kule kama kulivyo! Mi ningekukata, tena ningeona nimemsitiri. Kwenye zile dakika 40 za bibi nilishakata kila alipokaa kimya, ikabaki 22, nikaituma kwenye grupu la familia, wakaweka vidole gumba.

Bibi mwenyewe nilipomuonyesha aliangalia mpaka mwisho akauliza, "Mbona nina haraka hivyo, nilikuwa nawahi wapi?"

Jumamosi naenda tena. Karatasi ya maswali siibebi, nimenunua pawabenki, na simu itakaa mfuko wa shati, inarekodi, mpaka nipande daladala. Nitamwambia lakini, sio nimuibe.