Samaki Aliyelegea

Jumamosi pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, binti yangu aliniuliza mbele ya muuzaji: "Mama, mbona unawakunja samaki wa watu?" Nikamwambia nitamjibu tukifika nyumbani.

Nilifundishwa na Babu. Kunduchi, msimu wa kaskazi wa 1994, tulikuwa tunarudi kutoka kukagua madema, ile mitego ya kufumwa. Mshindo ulianzia miguuni: mbao za ngalawa zilinitetemesha nyayo, ndipo masikio yakasikia duu! Upande wa kisiwa cha Mbudya, ambako ni hifadhi ya bahari tangu 1975, maji meupe yaliruka juu, yakaanguka. Mtumbwi mmoja ukawa unazunguka pale pale, vijana wanazamia na kuibuka.

Tulipofika walishaondoka. Samaki wachache aina ya mbono walikuwa wanaelea, matumbo juu. Mimi nilifurahi jamani. Nikawa naokota huku nahesabu: saba, wanane. Babu alimchukua mmoja akamlaza kiganjani. Magamba yanang'aa, jicho safi, hana hata mkwaruzo. Akambonyeza mgongo kwa dole gumba, samaki akakunjika kama leso iliyolowa. Uti wa mgongo ulikuwa umepondeka humo humo ndani, na damu ikachuruzika kwenye matamvua.

"Hawa ndio walioelea," alisema. "Waliozama ni wengi kuliko hawa."

Ndivyo baruti inavyoua. Inapasua kile kifuko cha hewa kinachomwezesha samaki kuelea, basi wengi hushuka chini wakaozea huko, hawaliwi na mtu. Nilichungulia majini. Vumbi jeupe la matumbawe lilikuwa linapanda polepole, kama moshi wa kuni mbichi. Hapo ndipo Babu alipokuwa akitega dema tangu ujana wake.

Nilidhani atawatupa wale mbono. Hakuwatupa. Madema matatu yalikuwa yametupatia samaki wawili tu aina ya changu, na nyumbani tulikuwa tisa. Bibi aliwapika kwa nazi, akakamulia ndimu, hakuuliza wametoka wapi. Babu alikula ugali kwa mchuzi mtupu. Kipande chake alikisogeza kwenye sahani yangu bila kunitazama.

Nilikila. Kilikuwa kitamu.

Jumamosi changu niliyemkunja aligoma, mgongo mgumu, nikalipa. Binti yangu bado anadai jibu lake. Habari ya dole gumba naweza kumweleza hata usiku huu. Ile ya sahani ndiyo inayonikwama.