Saa arobaini na tano

Naima kaanza kazi. Naam, Naima yule yule aliyekuwa akililia theluji. Ni mkahawa tu, karibu na shule yake hapa Edmonton, Kanada, jioni mbili kwa wiki na Jumamosi. Juzi kaniletea slipu yake ya kwanza ya mshahara jikoni, kaishika kwa mikono miwili. Saa 11.75. Akanieleza kwa makini ile robo tatu imetoka wapi: siku moja walimbakiza afute meza. Halafu akauliza, "Mama, wewe kule Kariakoo ulikuwa unafanya saa ngapi kwa wiki?"

Nikajibu huku nakata vitunguu: arobaini na tano.

Alipokwenda chumbani ndipo nikajishtukia. Arobaini na tano ni namba ya kwenye barua. Nimeirudia mara nyingi, kwenye fomu na midomoni, mpaka imekaa mahali pa ile ya kweli.

Ilikuwa 2017, tulipoomba kuhamia Kanada. Ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ya cheti cha polisi na ya kupeleka vyeti vya chuo vikakaguliwe siyarudii, wengi wenu mmeyapitia. Mwaliko wa Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, ulipofika tulipewa siku 90 kukamilisha kila karatasi (siku hizi ni 60, poleni), na karatasi iliyoninyima usingizi ilikuwa barua ya mwajiri. Kanada hawataki sifa. Wanataka karatasi yenye kichwa cha biashara, anwani, simu, sahihi na jina la anayesaini, cheo chako, tarehe ulizofanya kazi, majukumu, mshahara wa mwaka na marupurupu, na saa ulizofanya kwa wiki.

Mimi nilikuwa duka la jumla la vitenge, na bado nilikuwa hapo hapo. Kwa hiyo kuomba barua kulikuwa na maana ya kumwambia Mzee, mwenye duka, kwamba naondoka. Alinyamaza, akaagiza chai, akasema Mungu atangulize. Kesho yake akamtuma kijana wa steshenari achape barua, ikarudi nzuri kweli: mwaminifu, mcha Mungu, hana makundi, anajituma, tunamtakia kila la heri. Muhuri mkubwa wa bluu chini. Cheo: keshia. Saa hazimo, mshahara haumo.

Hicho cheo peke yake kingeniua. Kwenye orodha yao ya kazi ya wakati ule keshia alikuwa namba 6611, ngazi D, na ngazi D haikuhesabika kabisa. Mtunza vitabu vya hesabu alikuwa 1311, ngazi B, na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naifanya: kuingiza mauzo, kulinganisha taarifa ya benki, VAT, mishahara ya vijana wa stoo. Ila mtaa mzima uliniita keshia kwa sababu nilikaa karibu na droo ya hela.

Basi jioni moja, vijana wamekwisha kushusha mageti nusu, nikamwambia Mzee tukae tuiandike upya. Akavuta ile kalkuleta yake ya mezani, vitufe vyake vimefutika namba zote, ni yeye tu aliyejua saba iko wapi. Cheo hakikuwa na shida. "Wewe andika utakacho, mama Naima, kazi zote ulifanya wewe."

Tukafika kwenye saa.

Tulifungua saa mbili asubuhi, tulifunga saa kumi na mbili jioni. Chakula nilikula pale pale juu ya marobota, mkono mmoja kwenye risiti. Kumi mara sita. Akabonyeza, ikatoka sitini. Akaitazama. Akabonyeza tena kana kwamba mashine ndiyo imekosea.

"Hii hatuandiki," akasema.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Tangu afisa kazi apite mtaani kwetu, Mzee alikuwa ameikariri namba hiyo. Nikasema, basi tuandike 45 na 15 za ziada. Nilidhani nimepata njia. Yeye akazidisha kumi na tano kwa nne, akapata sitini nyingine, akavua miwani. Saa za ziada mwisho ni 50 katika wiki nne, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Mimi nilikuwa sijalipwa hata moja ya hizo, angalau si kwa jina hilo. Wote wawili tulikuwa tunaangalia kioo cha kalkuleta na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Nje mtu wa mkokoteni alikuwa anapiga kelele apishwe.

Mwishowe akasema, "Andika si chini ya 45. Nimesema uongo?"

Hakusema uongo. Nikaandika.

Akaniuliza, kwa udadisi tu, hao wa Kanada wenyewe wanataka ngapi. Nikamwambia wanahesabu 30 kwa wiki, saa 1,560 kwa mwaka, na ukizidisha hapo hawakuongezei kitu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Sitini unanipa mimi, wao wanakuandikia thelathini! Na mimi ndiye unayenikimbia?"

Sikuwa na jibu, na nilikuwa na haraka ya kumaliza, maana kwenye mshahara ndiko nilikokuwa nakuogopa zaidi. Benki iliingia laki sita kila mwezi. Hiyo ndiyo iliyokatwa kodi, ndiyo iliyokwenda NSSF, mfuko wa pensheni. Jumamosi kulikuwa na bahasha ya kaki, haina jina, haina saini. Nilimuuliza tuifanyeje. Alijibu bila hata kunyanyua macho kwamba bahasha ni mambo yake na mimi, serikali ya Kanada inahusikaje? Labda ndiyo zilikuwa zile saa kumi na tano. Labda ilikuwa nauli, au moyo wake tu. Hakuwahi kuniambia ni za nini na mimi sikuwahi kuuliza, kwa kuhofia zisije zikakoma.

Nilirudi nyumbani nikasoma tena onyo la fomu: ukitoa taarifa za uongo au ukificha jambo la maana, unafungiwa miaka mitano. Mume wangu alisema taarifa ya benki inasema laki sita, barua inasema laki sita, lala. Nikalala, si sana.

Faili lilipita. Kuna siku namlaumu Mzee, hasa nikifungua taarifa yangu ya NSSF na kuona ilivyokonda, imehesabiwa kwa mshahara wa benki peke yake. Kuna siku naona ningekuwa nimekaa pale pale mtaani mpaka leo kama si yeye. Kwa sababu kulikuwa na sharti jingine ambalo barua haikuligusa: familia ionyeshe akiba yake, na benki ieleze wastani wa miezi sita nyuma. Mshahara wetu wawili ulikuwa unaisha kwenye kodi ya nyumba na ada. Sehemu kubwa ya akiba ile niliijenga kwa bahasha za Jumamosi, nikiziweka benki kila Jumatatu. Ofisa aliyeshika faili letu angeweza kuuliza hela hizo zilitoka wapi, wakati barua ya mwajiri haizitaji. Nilikaa na majibu matatu tofauti kichwani, yote ya kweli kiasi. Hakuuliza.