Karani wa Mizani na Imani ya Tajiri Wake

Hapa Mwanza hatuna uhaba wa biashara zinazomtaja Mungu. Maneno ya Maandiko yameandikwa juu ya milango ya maduka, kwenye vioo vya daladala na hata ubavuni mwa mitumbwi, na ofisi nyingi huanza siku kwa sala. Sina ugomvi na hayo. Nami huomba kabla ya kufungua stoo. Lakini kwa muda niliofanya biashara ya dagaa, nikinunua kwenye mialo, yaani fukwe ambako wavuvi hushusha samaki, na kuuza soko la Mwaloni Kirumba, nimeamini kwamba imani ya kiongozi wa biashara haipimwi kwa mwenendo wake peke yake. Hupimwa pia kwa yale ambayo karani wake analazimika kuyatenda ili asifukuzwe kazi.

Mfikirie mnunuzi anayetumwa visiwani, Ukerewe au Kome, akiwa na fedha za tajiri na agizo la kurudi na mzigo kwa bei iliyo chini ya bei ya mwalo. Atafanyaje? Atachezea mizani, au atawanyunyizia dagaa maji ili wazidi uzito, au atachukua waliokaushwa mchangani na kumuuzia mteja mchanga pamoja na samaki. Kwenye biashara ya sangara, agizo kama hilo humfanya wakala afumbe macho anapoletewa samaki wasiofika sentimita 50, urefu wa chini unaoruhusiwa. Tajiri yuko mjini na hajagusa mizani, na ikifika Ijumaa au Jumapili anakwenda kuswali au kusali akiwa na dhamiri tulivu. Kwangu mimi, huyo ndiye wa kuulizwa kwanza, maana aliyepanga bei ile alikuwa na kila njia ya kujua kwamba haipatikani kwa haki.

Kuhusu mizani yenyewe, dini zetu hazina fumbo. Methali 11:1 inaiita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana, na sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, imebeba jina la hao wapunjao, ambao wakipokea hutaka kipimo kamili na wakiwapimia wengine hupunguza. Mshirika wangu ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, na hapo hatujawahi kubishana.

Wala hatukubishana sana kuhusu ujira. Akina mama wanaoanika dagaa hulipwa siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, kama Kumbukumbu la Torati 24:15 inavyoagiza, badala ya kusubiri mzigo uuzwe Kongo. Jambo hilo linatubana, kwa sababu fedha hutoka leo na huenda zikachelewa sana kurudi, lakini sioni kwa nini anayeanika ndiye awe mkopeshaji wetu.

Tulipokwama ni kwenye deni la zana. Kwa desturi ya ziwani, mnunuzi humkopesha mvuvi nyavu, taa au injini, naye mvuvi hufungwa kumuuzia yeye tu, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya wengine. Mimi niliitetea desturi hiyo, kwa kuwa mvuvi asiye na hati ya nyumba hana benki ya kumsikiliza. Mshirika wangu akanijibu, "Ndugu yangu, mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa ni riba, hata kama hakuna asilimia iliyoandikwa." Tuliishia kukubaliana kwamba mvuvi tuliyemkopesha atuuzie kwa bei ya mwalo ya siku hiyo, na deni likatwe waziwazi mbele yake. Marejesho husimama kipindi cha mbalamwezi, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika.

Faida yetu imepungua, na wapo waliochukua nyavu wakahamia kwa mnunuzi mwingine. (Uadilifu hauzuii kutapeliwa.) Hata hivyo, mnunuzi wetu hana tena sababu ya kuchezea mizani, kwa kuwa hatumpi bei isiyowezekana. Limebaki moja: mshirika wangu anashikilia kwamba hata kumtaka mvuvi atupe sisi nafasi ya kwanza ya kununua ni manufaa yatokanayo na mkopo. Nadhani ana hoja, ingawa bado sijaona namna ya kuendesha stoo bila sharti hilo.